Umejuaje? Mazungumzo na vijana wa Msambweni



Vijana wenzangu, kina kaka na kina dada, nashukuru mmekuja baada ya Alasiri na jua lote hili. Sikuja kuwafundisha dini, hapa wako waliosoma kunishinda. Nataka tuongee kuhusu kufikiri, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilifungua grupu la WhatsApp la mtaa nikakuta sauti imetumwa. Dakika mbili tu. Jamaa anasema nyumba fulani imezika watu watatu ndani ya miezi saba, na kila mmoja kabla hajafa, mzee fulani alionekana akipita nyuma ya nyumba ile asubuhi. Jina la mzee likatajwa. Mimi nikaituma kwenye magrupu mengine mawili, nikaandika: "Jamani, haya ni kweli?" Nilijiona nimeuliza tu. Kumbe nimeeneza.

Usiku ule vijana walikaa maskani wanapanga. Mwajua wanapanga nini. Hapa Kwale na kule Kilifi wazee wameuawa kwa mapanga na kwa moto, na mara nyingi ushahidi wenyewe ni mvi na macho mekundu.

Aliyemwokoa mzee ni mama wa nyumba ile ile yenye msiba. Alikuja pale maskani akawauliza: "Wa kwanza si alikuwa na sukari miaka kumi? Wa pili si ajali ya pikipiki, usiku, haina taa? Wa tatu, kitoto kile, si sisi wenyewe tulichelewa kukipeleka hospitali? Na mzee si njia yake ya shambani ni hiyo hiyo kila asubuhi, tangu mimi sijaolewa hapa?"

Kimya.

Hapo pana kosa la kwanza: kudhani kwamba jambo likitangulia jingine, basi ndilo lililolisababisha. Jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini hata ukimchinja kutakucha. Mzee alipita asubuhi mia mbili. Sisi tukahesabu tatu, zile zinazolingana na hofu yetu, hizo nyingine zote tukazisahau.

Kosa la pili likaja hapo hapo. Kijana mmoja akamwambia yule mama: "Wewe wamtetea kwa sababu ni jamaa yako." Haya, tuseme ni jamaa yake. Je, sukari ilikuwa uongo? Pikipiki ilikuwa na taa? Ukishindwa na maneno ukamgeukia msemaji, hujajibu kitu. Hoja hujibiwa kwa hoja.

Kosa la tatu ndilo limetuumiza zaidi sisi watu wa Pwani: kuchukua mmoja ukamfanya wote.

Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Katika vurugu zilizofuata, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao, Likoni mpaka huku kusini, kwa sababu tu ni wa bara. Kisha ukaja msako, na vijana wa Kidigo wakakamatwa ovyo kwa sababu tu ni Wadigo. Mwaona? Pande mbili, kosa moja.

Tukaja 2015. Aprili 2, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Msiba mkubwa, na waliofanya vile hawana utetezi. Lakini mwezi huo huo serikali ikatoa orodha ya washukiwa, na ndani yake yakawamo mashirika mawili ya kutetea haki ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa. Akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, na Novemba ikaamuru akaunti zifunguliwe.

Sisi tulisema nini wakati ule? Tulisema: leteni ushahidi. Kushukiwa si kuthibitishwa. Msihukumu wote kwa kosa la wachache. Tulisema haki kabisa. Sasa mbona kwa mzee wa mvi hatukuutaka ushahidi? Mbona mgeni kutoka bara akikosa mmoja, twasema "hawa ndivyo walivyo"?

Suratul Hujurat yatuamrisha tuchunguze habari kabla ya kudhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Haikusema tuchunguze habari za adui peke yake. Zetu pia.

Kwa hivyo nawaachia maswali matatu, yatieni mfukoni. La kwanza: umejuaje? Uliona mwenyewe, au uliambiwa na aliyeambiwa? La pili: kuna sababu nyingine inayoweza kueleza jambo hili? La tatu, na ndilo gumu: hoja hii ikigeuzwa dhidi yangu, dhidi ya kofia yangu na buibui la dada yangu, nitaikubali? Kama huikubali kwako, usiitumie kwa mwenzio.

Mzee yu hai, alhamdulillah. Nilikwenda kumuomba radhi. Akanisamehe, kisha akaniuliza kama ile sauti yaweza kurudishwa. Nikamwambia, "Hapana, baba, haiwezi." Mpaka leo hapiti njia ile, azunguka mbali kufika shambani kwake.

Sauti nyingine itakuja wiki hii, labda leo usiku. Kabla hujaibonyeza uitume, uliza: umejuaje?

Allah atujaalie macho ya kuona na subira ya kuchunguza. Wabillahi tawfiq.