Nguo ya Idi: Si Lazima Iwe Mpya

(Mada kwa vijana wa Kitale na Bungoma)

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu wapenzi. Kumi la mwisho likiingia, safu za msikitini zapungua na maduka yajaa. Kila mtu ataka kanzu, buibui, viatu. Basi leo tuulizane: hiyo nguo yatoka wapi, na nani kaishona?

Kwanza, Sunna ya Idi ni kuvaa nguo iliyo bora katika ulizo nazo. Iwe safi, inukie. Si sharti iwe mpya. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.) atuamrisha kujipamba tuendapo kuswali, na hapo hapo atukataza israfu.

Pili, jasho la watu. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini washonaji wakaamrishwa warudi kazini. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao kina dada. Walishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani, na nguo za huko zikishachokwa ndizo hutufikia sisi kama mitumba.

Lakini tusiende mbali. Je, fundi wako wa cherehani umemlipa? Twapeleka kitambaa mwezi 27, twataka kanzu usiku wa kuandama mwezi, halafu deni twaliacha mpaka Idi ya kuchinja! Mtume (s.a.w.) ametuusia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Utasimamaje kwenye safu na kanzu ambayo aliyeishona anakudai?

Tatu, ardhi ya Allah. Fulana moja ya pamba yakadiriwa kutumia lita 2,700 hivi za maji. Poliesta nayo hutokana na petroli, na haiozi upesi. Mtu atasema, "Si ninunue mtumba?" Ni vizuri, nguo yatumika tena. Ila marobota huja pia na nguo mbovu, ambazo pale Gikomba, Nairobi, huishia jalalani na mtoni. Na viwanda vyetu navyo viliumia. Rivatex ya Eldoret, jirani zetu, ilikufa. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, ikazinduliwa upya 2019.

Basi tufanyeje? Anza na kabati lako. Kifungo kimetoka, kishone, Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Ukinunua mtumba, chagua moja imara, uache tatu za kuchanika. Ukishonesha, ulizia kitambaa cha Kenya, mpe fundi muda, na umlipe. Nguo iliyokubana ifue, uipige pasi, uitoe kabla ya Idi, ili na mwenzio apendeze.

Allah (s.w.) atutakabalie funga zetu, na atuvishe vazi la uchamungu, ambalo ndilo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.