GIA ZA LORI LETU: TUPIME KWANZA, TUFUNGUE BAADAYE
(Maneno ya Kamati ya Usafiri kwa wanachama na madereva)



Lori letu kuukuu limeanza kugoma gia. Likipakia viazi gia ya pili inakwaruza, na rivasi inapiga kelele hata kuku wanakimbia. Fundi mmoja wa mjini anasema tununue giaboksi nyingine. Fedha zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mfuko wa mbolea, hakuna kwingine. Basi kabla ya kupiga kura tuelewane: gia ikikwaruza, si lazima giaboksi iwe imekufa. Mara nyingi ugonjwa uko nje yake, na kuupima hakuli hata senti.

Kwanza, klachi. Zima injini, ingiza gia zote moja moja. Zikiingia laini, halafu zikagoma injini ikiwaka, shuku klachi. Hakikisha hivi: lori limesimama, injini iko sailensa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza bado, maana yake klachi haiachii, injini inaendelea kuzungusha giaboksi. Hapo tazama mafuta ya klachi kama yamepungua, silinda ya chini kama inavuja, na mchezo wa pedeli kama umezidi kipimo cha kitabu.

Pili, viungo. Gia zikiwa ngumu hata injini ikizimwa, anza na mpini na fimbo zake: bushi zilizolika, boliti zilizolegea. Hizo tunabadilisha wenyewe hapa kijijini.

Tatu, oili. Juni na Julai baridi ya huku kwetu mnaijua. Gia ikiwa ngumu alfajiri, kisha ikalainika lori likipata moto, huenda oili ni nzito mno. Pima kiasi chake, na mwaga kidogo uitazame: ukiona vipande vya chuma, kweli ndani kuna kazi. Tena, oili si oili tu. Kitabu kikitaka GL-4, usitie GL-5 ya difu. Yaweza kula ringi za shaba.

Nne, ringi zenyewe. Gia moja tu ikikwaruza na nyingine zote ni safi, ringi ya gia hiyo, ile mafundi wanaita sinkronaiza, huenda imekwisha. Hapo ndipo giaboksi ifunguliwe. Wakati tunangoja, dereva akanyage klachi mara mbili: akanyage, atoe gia, aachie, akanyage tena, aingize. Akirudisha gia ndogo, aongeze moto kidogo katikati. Ndivyo walivyofanya madereva wengi wa zamani.

Mwanachama ameuliza kuhusu gari la gia otomatiki. Huko hakuna pedeli ya klachi. Anza na mafuta yake. Yakipungua gia hushtuka au huchelewa. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi za ndani zimeungua.

Sasa onyo. Gia kukwaruza ni hasara, lakini gia kuchomoka ni kifo. Lori lenye mzigo likiteremka Mlima Nyoka, Iwambi au Kitonga bila gia, breki zinabaki peke yake, zinapata moto, zinashindwa. Kushika mpini kwa mkono au kuufunga kwa mpira si matengenezo. Gia ikichomoka hata mara moja, lori lisimame, hata kama viazi vinaoza. Viazi tutapanda tena.

Ndugu wanachama, lori letu linakwaruza gia ya pili pamoja na rivasi, siyo moja. Kwa hiyo tunashuku klachi kwanza. Tunapendekeza kura iahirishwe mpaka Jumamosi. Asubuhi hiyo dereva atapima mbele yetu sote, kila mtu aone kwa macho yake. Klachi ikionekana nzima, tutazungumza habari za giaboksi. Mfuko wa mbolea usiguswe kabla ya hapo.