Ghala Likigeuka Nyumba

Sisi tulikuwa na ghala kuukuu la mahindi. Tukasema, mbona tusiligeuze vyumba vya kupangisha? Tukachanga, tukaita fundi, kuta zikaanza kupigwa plasta. Kumbe kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, hata kubadilisha matumizi ya jengo kunataka kibali cha kaunti! Ukikosa, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Tulimsimamisha fundi, tukapeleka ramani. Mkikataliwa, mna siku 14 za kukata rufaa. Basi jamani, kabla ya kununua simiti, ulizeni kaunti kwanza. Pesa za kikundi ni jasho la wengi.