Hotuba juu ya Kumsaidia Kijana Mwenye Pumu

Iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama, Mraru



Katika taarifa ya mwaka huu mmesikia hesabu za michango, za karo na za mazishi. Kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo moja ambalo lilikaribia kuingia katika hesabu ya mazishi. Nalo ni ugonjwa wa pumu, hasa kijana anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba anao.

Mwaka huu kijana wetu mmoja wa miaka 15 alipimwa huko Voi, akaambiwa ana pumu. Alirudi na pampu mbili za kuvuta, zile ambazo vijana huziita inhela. Moja ya buluu, moja ya rangi ya udongo. Sisi tulikwenda kuwapa wazazi wake pole, na yatupasa tukiri kosa letu. Tulisema mbele yake kwamba pampu hudhoofisha mapafu, na ya kuwa mtu akiizoea hataweza kuiacha. Kijana alituheshimu, akasadiki. Kifua kilipotulia akaiacha ile ya udongo, na ile ya buluu akaificha chini ya godoro, wenzake wasimcheke. Siku za upepo na vumbi zilipofika, usiku mmoja alishindwa kumaliza hata maneno ya kumwita mama yake. Pampu ikatafutwa kwa kurunzi, na gari likatafutwa nyumba kwa nyumba. Twamshukuru Mungu, alifika hospitali akiwa hai.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini huyu aliyeficha, ni sisi tuliomfunza kuficha. Kwa hiyo tulikwenda kwa madaktari kuuliza, nasi twawaletea tuliyofunzwa.

Pumu si uchawi, wala haiambukizi. Njia za hewa ndani ya kifua huvimba, hujaa ute, na misuli yake hukaza. Dawa ya pampu ya buluu, salbutamoli, hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Haiponyi uvimbe. Uvimbe hupunguzwa na dawa ya kinga, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo huvutwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata siku ambayo kifua ni kizima. Haifanyi haraka, huchukua siku na majuma. Ndiyo maana mgonjwa huidharau, akaipenda ile ya buluu impayo nafuu upesi. Tangu mwaka 2019 jumuiya ya kimataifa ya pumu iitwayo GINA imeshauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake, bali wapate na ya kinga. Rangi za pampu zaweza kutofautiana, basi kila nyumba iulize ipi ni ipi.

Kuvuta nako kuna utaratibu. Pampu itikiswe, kijana atoe pumzi, aifunge midomo juu yake, abonyeze huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi hadi hesabu ya kumi. Baada ya dawa ya kinga asukutue mdomo. Asiyeweza kupatanisha kubonyeza na kuvuta hutumia chombo cha kati. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa pampu, yaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Basi umaskini usiwe udhuru. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

Shida ikizidi, kijana aketi wima, asilazwe, wala watu wasimzingire. Apewe dawa ya buluu, pumzi moja baada ya nyingine, hata kumi, huku safari ikitayarishwa. Akishindwa kusema maneno kwa ukamilifu, midomo ikigeuka rangi, mbavu zikididimia au akianza kusinzia, msingoje asubuhi.

Wazee wetu, kijana wa miaka 15 si mtoto wa kushikiwa dawa, wala si mtu mzima wa kuachwa peke yake. Pampu ya buluu iwe mfukoni mwake, shuleni na uwanjani, si kabatini mwa mtu mwenye ufunguo. Aingie mwenyewe kwa daktari, aulize mwenyewe, naye mzazi awe karibu. Asikatazwe mpira, pumu iliyotunzwa haimzuii mtu kucheza. Sisi kazi yetu ni kupunguza moshi wa kuni jikoni, kutovuta sigara nyumbani, na kumwuliza kwa upole, pasipo kumwaibisha, kama amevuta dawa ya leo.

Akina mama mlio hapa mwakumbuka kuliko sisi. Kikundi cha wanawake wa Mraru kilichanga fedha, kikakopa, na mwaka 1975 kikapata basi lake, kwa sababu mabasi yaliyopita hapa yalikuwa yamejaa, na mwenye mgonjwa au mzigo wa sokoni aliachwa njiani. Wanawake hao walitambua kwamba njia ya Voi ni sehemu ya matibabu. Usiku ule wa kijana wetu tulitambua tena jambo walilolijua wao zamani.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu uazimie mambo matatu. Kwanza, pawe na orodha ya wanachama wenye magari waliokubali kuamshwa usiku. Pili, mfuko wa misaada ununue dawa ya kinga kwa mtoto ambaye wazazi wake wamepungukiwa, kabla ya kuisha iliyopo. Tatu, asiwepo mzee miongoni mwetu atakayesema tena mbele ya kijana maneno tuliyoyasema sisi.

Kijana mwenyewe yupo nyuma ya ukumbi huu, ametupa ruhusa tuseme. Pampu yake imo mfukoni.