Shajara Moja: Shule na Jukwaa kwa Watoto Wasanii wa Kitale na Bungoma

Mada kwa semina ya wazazi, walimu na wakufunzi wa vikundi vya watoto, Kitale



Mtoto mwenye sauti nzuri au miguu myepesi hakosi mwito katika eneo letu. Harusi za Desemba zinamtaka, kanisa linamtaka, wanasiasa wanamtaka awachangamshe watu kabla wao hawajashika maikrofoni, na matanga vilevile. Akijua kupiga litungu au kutikisa mabega kwa mtindo wa kamabeka, huenda akaitwa hata Nairobi. Juni 1, 2024, sherehe za Madaraka zilipofanyika Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, macho ya nchi nzima yalikuwa Bungoma, na siku kama hiyo mzazi wa mtoto msanii huona mlango umefunguka. Simlaumu. Kwa familia inayosubiri kuuza mahindi ndipo ilipe karo, elfu chache za shoo moja si pesa za kudharau.

Hata hivyo nina msimamo, na nitausema mapema ili tubishane vizuri baadaye. Masomo hushindwa siku ile nyumba inapoanza kula kwa jasho la mtoto. Kabla ya hapo, shoo ikigongana na mtihani, mzazi anaweza kusema hapana. Baada ya hapo, kodi ya nyumba, deni la dukani na karo ya mdogo wake vyote vimeshikiliwa na sauti ya mtoto wa Gredi ya 7, na hakuna mtu mzima aliyebaki na nguvu ya kukataa.

Jambo hili limewapata hata matajiri. Jackie Coogan alikuwa mtoto mdogo alipoigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid mwaka 1921, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima alikuta karibu zote zimetumika, na mwaka 1938 akawashtaki mama yake na baba wa kambo. Mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria inayojulikana kwa jina lake. Leo angalau asilimia 15 ya malipo ya mtoto msanii kule huwekwa katika akaunti isiyoguswa mpaka atimize miaka 18. Hatuhitaji kusubiri Bunge ili tufanye hivyo. Benki zetu na sako nyingi zina akaunti za watoto. Kinachohitajika ni malipo yaingie huko moja kwa moja, badala ya kupitia M-Pesa ya meneja kisha ya mjomba kisha ya baba.

Sheria zetu wenyewe ziko wazi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamkataza mtu yeyote kumpa mtoto wa umri wa shule kazi inayomzuia kwenda darasani. Wengi wetu tukisikia hayo tunawaza mashamba na timbo za mawe. Lakini mtoto aliyelipwa kucheza kwenye ufunguzi wa duka siku ya Jumatano amefanya kazi, hata kama alikuwa akitabasamu muda wote. Mkataba nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, unaruhusu watoto kushiriki maonyesho ya sanaa kwa vibali vinavyotolewa kwa kila tukio, saa na masharti yakiwa yameandikwa. Uingereza imelifuata wazo hilo kwa makini: mtoto huombewa leseni kwa halmashauri ya eneo lake, na akiwa kazini siku ya shule anatafutiwa mwalimu wa kumfundisha angalau saa tatu.

Jirani zetu Uganda walilikabili suala hili hadharani. Mwaka 2019 mwanarapa Fresh Kid, aliyekuwa na miaka 7, alionywa na waziri wa nchi anayehusika na vijana na watoto, Florence Nakiwala Kiyingi, kwamba aache shoo arudi shule. Mabishano yalikuwa makali, kisha wakaafikiana aimbe wikendi na likizo. Mimi ningekuwa mkali zaidi: mtoto wa umri huo aimbe kanisani, shuleni na nyumbani, lakini asikodishwe. Hata hivyo mpango wa wikendi na likizo ni mzuri kwa wale waliovuka miaka 13, mradi tuuangalie kwa macho ya huku kwetu. Wikendi inaishia Jumapili jioni. Mtoto wa Kitale anayetumbuiza Bungoma hadi saa tatu usiku bado ana safari ya kupitia Webuye na Kamukuywa, na matatu ya usiku huo haingojei abiria mmoja mdogo. Jumatatu anaketi darasani mwili upo, akili imelala. Kwa hiyo shoo ya Jumapili imalizike mchana. Matanga ya usiku wala tusiyajadili. Madhara ya disko matanga kwa wasichana wetu tunayajua.

Sasa nigeukie walimu, kwa sababu na sisi tuna deni. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na lile la drama na filamu nalo ni kubwa. Mtoto akikosa hesabu wiki nzima kwa mazoezi ya kwaya ya shule, tunamwita fahari yetu. Akikosa siku moja kwa shoo ya harusi, tunamwita mtoro. Saa za darasa zilizopotea ni zilezile. Ndiyo maana napendekeza shajara moja ya mtoto, inayoonyesha tamasha za shule, shoo za nje, shughuli za kanisa na mitihani, ikae kwa mwalimu wa darasa. Mkufunzi akipigiwa simu ya kazi, asimjibu mteja kabla ya kuitazama. Watu wa Bungoma wanajua kupanga namna hii: tohara ya Babukusu huja Agosti ya mwaka shufwa, na kila ukoo hujiandaa mapema.

Katika mtaala wa sasa jambo hili lina uzito zaidi. Zamani mtoto mwerevu aliweza kukosa masomo mengi, akakesha muhula wa mwisho na kuokoa mtihani mmoja wa KCPE. Leo alama za kumpeleka sekondari ya juu hutokana na KPSEA ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20 nyingine, na KJSEA ya Gredi ya 9 kwa asilimia 60. Mradi wa darasa uliokosekana Gredi ya 7 kwa sababu ya shoo unamfuata miaka miwili baadaye. Na inauma kwamba anayeumia ndiye aliyestahili zaidi mkondo wa sanaa na michezo, ulioanza na wanafunzi wa Gredi ya 10 Januari 2026.

Nimalizie kwa ombi kwa wakufunzi waliomo humu. Wiki ya kwanza ya kila muhula, pelekeni kalenda ya kikundi kwa mwalimu wa darasa wa kila mtoto, yenye siku, mahali, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jina la mtu mzima atakayesafiri naye na akaunti itakayopokea malipo. Mwalimu akikata siku moja kwa sababu ya tathmini, mteja atafutiwe tarehe nyingine au mtoto mwingine.