Krismasi ya Wanaobaki
Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya yubile ya miaka 25

 

Miaka 25 tumeimba Krismasi, na kila Novemba swali lile lile hurudi mazoezini: sikukuu hii ni ya Wakristo kweli, au iliokotwa kwa wapagani? Tunao wenzetu ambao nyimbo za Krismasi zikianza wao hunyamaza. Hatuwacheki, maana wana watangulizi wazito. Wamishonari wa Scotland waliofika Kibwezi mwaka 1891, kisha wakahamia Thogoto mwaka 1898, walitoka nchi ambayo Bunge lake lilifuta likizo ya Krismasi mwaka 1640. Huko kwao tarehe 25 Desemba haikuwa sikukuu ya taifa hadi mwaka 1958. Wakati huo huku kwetu mbuzi wa Krismasi walikuwa wameshachinjwa miaka mingi!

Sababu yao ilikuwa Biblia, ambayo kweli haitaji tarehe. Kumbukumbu ya kale inayojulikana ya 25 Desemba imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na kwa nini siku hiyo ilichaguliwa, wataalamu bado wanabishana. Ndugu zetu wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia husherehekea 7 Januari na hawajapungukiwa na kitu. Paulo aliwaambia Warumi kwamba anayeitunza siku aitunze kwa Bwana, na mwenzake asihukumiwe. Basi kwetu tarehe si ugomvi.

Ugomvi wetu ni hali ya kanisa asubuhi ya siku yenyewe. Desemba yote tunaimba: harusi, maduka makubwa, karamu za ofisi. Ikifika tarehe 25, viti ni vitupu. Tumekwenda mashambani, nauli ikipanda tusipande nayo. Kusafiri si dhambi. Hata Yusufu alikwenda kwao Bethlehemu, ingawa yeye aliitwa kuhesabiwa. Lakini wako wanaobaki. Mwaka jana tulibaki wanakwaya wanne, sauti ya tatu haina mtu. Mbele yetu walikuwa wajane, wauza mboga, vijana wasio na nauli, muuguzi aliyekuwa anaingia zamu saa sita, na askari wa usiku aliyetoka lindoni moja kwa moja, koti bado mwilini na rungu chini ya benchi. Alisinzia wakati wa mahubiri. Wimbo ulipoanza aliamka, akaimba beti zote bila kitabu.

Tukimsoma Luka vizuri, habari ya kuzaliwa kwa Yesu haikupelekwa kwanza hekaluni. Walioipata kwanza ni wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Malaika waliwafuata kazini. Sisi tunawaimbia waliokwisha shiba, halafu zamu ya usiku inakuja kanisani na kukuta kwaya imesafiri.

Wala hatuhitaji kwaya nzima. Wimbo wa Silent Night uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, Austria. Waliouongoza walikuwa wawili, padre msaidizi Joseph Mohr na Franz Gruber, mwalimu wa shule (walimu wenzetu, tusimameni kidogo), pamoja na gitaa moja.

Kwa hiyo kamati inaomba hivi. Kuanzia mwaka huu, kila sauti ibakishe watu wawili kwa zamu. Atakayebaki mwaka huu, mwakani asafiri bila kuulizwa. Ibada ya tarehe 25 ikiisha, tule pamoja na waliobaki, hata kama ni chai na chapati, kisha mchana twende wodini tuwaimbie wagonjwa, kwa ruhusa ya hospitali. Wenzetu wasiopenda neno Krismasi wanakaribishwa pia. Mgonjwa hatawauliza tarehe.

Karatasi ya majina iko kwa katibu hadi Jumapili ya mwisho ya Novemba. Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne wameshajaza. Sauti ya tatu, kalamu iko mezani.