Picha ya Kwanza Ikisema Hakuna Kitu

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatusemi habari ya mbuzi wa maziwa. Tumeombwa tueleze yaliyompata mwenzetu mwaka jana, naye ametupa ruhusa.

Mimba hutunga ndani ya mfuko wa uzazi, ile nyumba ya mtoto. Lakini katika kila mimba 100, moja au mbili hivi hutunga nje, na karibu zote hukaa katika mrija unaopitisha yai. Mrija ni mwembamba, hauwezi kulea mtoto. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na nje unaweza kuona matone tu.

Mwenzetu alikosa mwezi wake. Baada ya wiki mbili hivi akaona damu kidogo na maumivu upande mmoja chini ya tumbo. Alikwenda kliniki fulani mjini, mkojo ukaonyesha ana mimba, akapigwa picha juu ya tumbo. Karatasi ikasema mfuko ni mtupu. Akaambiwa mimba imetoka, akapewa dawa za maumivu, akarudi kupalilia maharagwe.

Siku ya tatu alikuja kikundini akiwa ameinama. Nyanya mmoja aliyekuwa mkunga zamani akamwuliza, "Kama imetoka, mbona damu ni kidogo hivi?" Hatukuwa na jibu. Mume wake alisema pesa ya picha imeshalipwa na daktari ameshasema, kwani sisi tunajua kuliko yeye? Hatumlaumu, maana hata sisi tulikuwa na mawazo hayo hayo. Basi tukafungua sanduku la dharura, tukampeleka hospitali nyingine kubwa.

Huko walipima damu, wakapiga picha tena kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni. Aliona haya, lakini anasema hakikumwumiza. Kifaa hicho hukaribia mfuko, kwa hiyo huona mapema kuliko kile cha juu ya tumbo. Wakaona uvimbe kando ya mfuko, na damu tumboni. Usiku ule ule alipasuliwa, mrija mmoja ukatolewa.

Daktari wa huko alitueleza kwamba mfuko mtupu una maana tatu: mimba ni changa mno haijaonekana, au imetoka, au iko nje. Picha moja haitoshi kuchagua. Ndiyo maana hupima homoni ya mimba katika damu, hurudia baada ya saa 48, na picha hurudiwa. Kwa hiyo mashine ya kwanza haikudanganya. Kosa ni kumwambia mama mambo yamekwisha.

Tena kuna upande wa pili. Ukiambiwa mimba iko nje, na huna maumivu makali, wala picha haikuonyesha wazi mahali ilipo, omba irudiwe kabla ya kudungwa ile sindano ya kusimamisha mimba. Mimba changa iliyo mahali pake inaweza kuharibiwa hivyo.

Kuuliza si utovu wa adabu. Hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya, ya mwaka 2013, inataja haki ya kupata maoni ya daktari wa pili. Sema tu: "Daktari, mimba iko wapi? Nirudi lini? Naomba picha na karatasi niende nazo." Bila karatasi, daktari wa pili hawezi kulinganisha.

Lakini sikilizeni hapa. Mama akizimia, akipata kizunguzungu, maumivu makali ya ghafla, au maumivu kwenye ncha ya bega, msianze kutafuta maoni popote. Mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, hata kama ni usiku, hata kama mume yuko safarini.

Sanduku letu la dharura bado lipo. Kila mwanachama hutia kidogo kila mkutano, na fedha hizo hazikopeshwi mtu kwa biashara. Mwenzetu ameketi pale nyuma, na maswali yaliyobaki mtamwuliza yeye wakati wa chai.